Shushushu wa Nyumba ya Pampu

Siku mliponiaga nilisimama niseme neno, nikaona sufuria la pilau limeshafunuliwa, nikasema asanteni nikakaa. Kushindana na pilau sikuweza. Lakini njiani kurudi nyumbani Mwandiga niliona nimewapunja, hasa ninyi vijana mnaobaki na zile kompyuta, kwa hiyo nimechukua kalamu. Vyeo sitavitaja, mlinipa kimoja mwishoni na mpaka leo sijaelewa kilikuwa cha kufanyia nini. Nitasimulia kazi yenyewe, yaani kuweka kitu cha kuiangalia mashine na kukianzisha inavyotakiwa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipoajiriwa hadi nilipostaafu. Nilianza na mirija ya shaba na wino, nikamalizia na lugha ya kompyuta iitwayo C.

Naitwa Adela Ntahondi. Chuo cha ufundi nilisomea Dar es Salaam, fani ya vipimo vya mitambo. Tulikuwa wasichana wawili darasani, mwenzangu akaolewa kabla ya mitihani, nikabaki peke yangu kama chumvi mezani, kila mtu ananiona na hakuna anayejua aniweke wapi. Nilipomaliza nilipangiwa Kigoma, nikafurahi kwa kuwa narudi nyumbani. Nilishuka kwenye treni nikaambiwa nyumbani hakupo tena. Wazazi wangu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa upande wa Kidahwe, kando ya barabara ya Kasulu. Nilikuwa nimeondoka kwetu kukiwa bondeni, nikarudi nikakuta kumepanda barabarani. Mama alinionyesha nyumba mpya kama mtu anayemwonyesha mgeni. Baba alisema jambo moja tu: "Hapa maji ni ya bomba, yakija." Lile "yakija" nalikumbuka, kwa sababu wiki iliyofuata nilianza kazi ya kuyaleta, ingawa si kwake.

Nyumba ya pampu ilikuwa chini ya mlima, ukuta wake mmoja karibu unagusa ziwa. Ndani mlikuwa na injini tatu za dizeli, kila moja imefungwa pampu yake. Zilivuta maji ya ziwa na kuyapandisha hadi kwenye tangi juu mlimani, nayo yakashuka mabombani kwenda mtaa wa Mwanga, hospitali na shule. Kila injini ilitoka nchi yake. Siku zile nchi rafiki zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na vipimo vyake vya nati, kwa hiyo sanduku la spana lilimshinda fundi uzito. Wafanyakazi walizipa injini majina. Ya kwanza waliiita Kinyonga, haikuwa na haraka. Ya pili Bibi Harusi, haikuwaka bila kubembelezwa. Ya tatu waliiita Namba Tatu, kwa sababu ilikuwa haijamkosea mtu.

Msimamizi wa mitambo alikuwa Mzee Ramazani, mzaliwa wa Ujiji, wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la kaki ambalo oili ilikuwa imeligeuza ngozi. Injini za dizeli alizijua tangu enzi za wakoloni alipokuwa mfuta vumbi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa saa?" Geji zote kwao zilikuwa saa.

"Ndiyo, Mzee. Saa na vipimo vingine."

"Mimi saa yangu ni hii," akasema, akagusa taya lake.

Akachukua nondo nyembamba, ncha moja akaiweka juu ya kifuniko cha beringi ya Bibi Harusi, ncha nyingine akaiuma kwa meno, akafumba macho. Kisha akaifuta kwa kanzu ya zamani iliyogeuzwa kitambaa cha oili, akanipa. Niliiuma. Injini nzima iliingia kichwani mwangu: mtikisiko mnene wa pistoni, na chini yake mvumo laini wa beringi, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo.

"Umeisikia ile ya chini? Hiyo ikibadilika, zima. Usiniulize, usimwulize meneja. Zima."

Nilimwuliza choo kiko wapi. Akanijibu, "Nimekula, alhamdulillahi." Nilidhani ni utani wa watu wa Ujiji.

Nilikaa na Mzee Ramazani kama mwanafunzi. Alinifundisha kuwasha kwa mpangilio: kwanza oili, halafu maji ya kupooza beringi, halafu vali ya pampu ifungwe, ndipo ufungue chupa ya hewa iliyoshindiliwa, ya kuizungusha injini mpaka iwake. Alinifundisha kuzikwangua chujio za ziwani, kwa kuwa ziwa letu lina vikonokono vidogo vigumu kama kokoto, na vikiingia kwenye bomba la kupooza vinajipanga kama watu wa foleni ya sukari. Tulikula pamoja kwenye mawe ya ufukweni, samaki aina ya mgebuka wa kukaanga kwa mawese na ugali wa muhogo, na mikono ilibaki myekundu mpaka jioni.

Siku moja treni ikaleta makasha. Ndani mlikuwa na kabati la chuma lenye kioo mbele, na nyuma ya kioo karatasi za duara, kila injini na yake. Juu ya kila karatasi kulikuwa na kalamu tatu nyembamba, kila moja na rangi yake: moja ya presha ya oili, moja ya presha ya maji yanayopanda mlimani, moja ya joto la beringi. Saa ya kutia ufunguo inaizungusha karatasi polepole, kalamu zinachora mstari, na kwa mstari ule unajua injini imeishije siku nzima. Leo mngeliita wakala wa kufuatilia utendaji. Mimi niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvigusa, na nilikuwa peke yangu katika maoni hayo.

Kosa lilikuwa maneno manne ya meneja. Ndugu Kisesa alikuwa bado kijana, mchapakazi, mpenda mipango, na alipoliona kabati alisema mbele ya watu: "Sasa tutamjua nani analala!" Nadhani alikuwa anatania. Kabla ya chakula cha mchana kabati lilikuwa limeshapata jina: Shushushu. Na michoro ya watengenezaji, iliyokuja ndani ya makasha, ilionyesha Shushushu atakaa ofisini kwa meneja, ghorofani, mirija yote ipande huko.

Kamati ya wafanyakazi ilikutana palepale kwenye banda la spea. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Bukuru, mwendeshaji wa Kinyonga, mtu wa Mwandiga kama mimi, mnene na mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa.

"Ndugu zangu," alisema, "tumejitawala ili tuangaliwe na kabati? Injini ikikohoa, mstari unapanda. Mstari ukipanda, nani zamu? Bukuru! Bukuru alikuwa wapi? Bukuru alikwenda haja!"

Watu walicheka, lakini kicheko chenye miba. Mtu wa nyuma akauliza, "Na huyu dada aliyeletwa nalo, ni mwenzetu au ni wa ghorofani?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika bomba la shaba mkononi. Nikasema mimi ni fundi wa vipimo, napima injini. Bukuru akasema, si kwa ubaya, "Dada, injini haina mshahara wa kukatwa."

Walikubaliana: hakuna atakayewasha injini iliyofungwa Shushushu. Meneja naye akasema hakuna injini itakayowashwa bila chombo cha taifa kilichogharimu urafiki wa nchi mbili. Zilizokuwa zinafanya kazi ziliendelea, lakini Bibi Harusi, aliyekuwa amesimamishwa ili afungwe mirija, akabaki amesimama. Katika wiki ileile Kinyonga akavunja mhimili, akalazwa. Namba Tatu akabaki peke yake na mji mzima, na vijiji vya ziwani vilikuwa na kipindupindu. Maji yakaanza kukatika Mwanga. Nilipopita asubuhi niliwaona akina mama wakishuka na ndoo kwenda kuchota ziwani, palepale walipokuwa wanaambiwa wasichote.

Mchana huo nilikaa na Mzee Ramazani kwenye mawe. Nilikuwa nimegeukia maji, nalalamika. Nilisema nitaandika barua nihamishwe, niende hata Tabora. Hakujibu. Nikarudia. Kimya. Nilipogeuka nilikuta anautazama mdomo wangu.

"Sema ukinitazama," akasema.

"Mzee?"

"Masikio, mwanangu. Yamekwisha. Yalianza kuondoka zamani, moja likatangulia, na mwaka huu la pili limelifuata. Maneno nayasoma mdomoni. Ukinigeuzia kisogo nakujibu kwamba nimekula."

Sikujua nicheke au nilie. Nilikumbuka lile swali la choo. Nikauliza, na ile nondo?

"Ile inaingia kwa meno, inapita mfupani. Lakini na yenyewe sasa inaniletea ule mtikisiko mkubwa tu. Ule mvumo wa chini..." Alitikisa kichwa. "Namba Tatu naiwekea mkono. Natumia kiganja. Namwomba Mungu."

Nikauliza nani mwingine anajua. Hakuna. Ila mke wake anajua, kwa sababu anamfokea na hashtuki. Alisema yote kwa utulivu, kama anayesoma hali ya hewa. Watu wote wa nyumba ya pampu walimtegemea kwa sikio lake. Bukuru alizoea kusema Mzee Ramazani anaweza kusikia konokono akiingia bombani.

"Kabati lako," akaendelea, "mimi ndiye ninayelitaka kuliko mtu yeyote humu. Likikaa kule ghorofani litamwambia Kisesa kwamba Ramazani hasikii. Likikaa hapa chini litaniambia mimi kwamba beringi inaumwa. Kabati ni lilelile."

Halafu akauliza jambo jingine. Alikuwa ameona waya unaotoka kwenye kabati kwenda kwenye bomba la mafuta ya injini. "Huu wa nini?" Nikamweleza: kabati likipoteza presha, linaikata injini yenyewe, kwa usalama. Akafikiri. "Kwa hiyo Shushushu wako akiumwa, hata kama injini ni nzima, mji unakosa maji?" Kitabu cha watengenezaji hakikuliona hilo kuwa tatizo, kwa sababu nadhani kwao mafundi walikuwa nyumba ya pili. Mrija wetu ukipasuka, mwingine unakuja kwa treni, na treni nayo ina mambo yake. Tuliukata ule waya pamoja, mimi na yeye, nikafunga koki ndogo kwenye kila tawi la mrija, ili ukipasuka uufunge na injini iendelee na safari.

Nilipanda ghorofani kesho yake. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha na yote yakaniishia kwenye ngazi, kwa hiyo nilisema yaliyobaki.

"Ndugu Meneja, tuseme kalamu ya beringi imepanda sasa hivi. Wewe unaiona hapa. Unafanya nini?"

"Nashuka kuwaambia wazime."

"Ngazi hizi?"

Alicheka. Zilikuwa ngazi za chuma zenye kutu, na mwenyewe alikuwa ameshateleza mara moja.

"Mkono wa kuzimia uko chini," nikasema. "Macho yakae karibu na mkono. Wewe utaletewa karatasi za jana kila asubuhi, uzitazame kwa chai. Na juu ya karatasi tuandike jina la injini tu. Bibi Harusi alikuwa na joto. Si fulani alikuwa na joto."

Alikizungusha kikombe. Ndugu Kisesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mji usio na maji na simu inayolia. "Bukuru atakubali?"

"Ukimwambia wewe mwenyewe, kule chini."

Alishuka siku hiyohiyo, kwa uangalifu, akishika chuma. Aliwaambia wafanyakazi kwamba maneno yake ya kulala ilikuwa mzaha na mzaha wenyewe ulikuwa mbovu. Bukuru akamwuliza kama hilo linaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za kamati. Meneja akasema liandikwe. Kabati likabebwa na watu sita, Bukuru akiwa mbele anatoa amri kama nahodha, likasimamishwa ndani ya ukumbi wa injini, uso kwa uso na benchi la mwendeshaji.

Sasa nieleweni vizuri hapa, ninyi wa kompyuta, maana ndipo kazi ilipo. Chombo cha kuangalia huanza kabla ya kinachoangaliwa. Nilijaza mirija, nikaitoa hewa mpaka matone yakaja bila mapovu. Nilitia saa ufunguo. Nilizileta kalamu zote kwenye sifuri kwa bisibisi ndogo, moja baada ya nyingine, nikagonga kioo kwa kidole kuona kama zinarudi palepale. Niliandika "Bibi Harusi" juu ya karatasi. Mwisho nilifungua koki. Ukichelewa, ukaanza kuchora injini ikiwa imeshashika mwendo, utakosa pale mwanzoni, na magonjwa mengi ya injini hujionyesha mwanzoni. Na kama sifuri yako si sifuri, kila utakachokiona baadaye ni uzushi wenye mstari mzuri.

Wafanyakazi wote walikuja kutazama. Meneja alisimama mlangoni. Mzee Ramazani akakaa kwenye benchi, akavaa miwani, akasema, "Haya, zamu yangu ndiyo ianze kuchorwa." Bukuru akafungua chupa ya hewa. Bibi Harusi akabembelezwa, akakataa, akabembelezwa tena, akawaka.

Kalamu ya oili ikapanda, ikatulia. Kalamu ya maji ikapanda, ikatulia. Watu wakapiga makofi. Kalamu ya tatu ikapanda taratibu, kama inavyotakiwa. Mlio wa injini ulikuwa mtamu kabisa. Mimi mwenyewe niliuma nondo na nikausikia ule mvumo wa chini, umenyooka, safi. Nikatabasamu.

"Zima!" akapaza sauti Mzee Ramazani.

Bukuru akamtazama. Hakuna aliyesikia kitu. Hakuna harufu.

"Zima, Bukuru! Zima!"

Bukuru akazima. Nilipotazama karatasi, kalamu ya tatu haikuwa imetulia. Ilikuwa inaendelea kupanda, polepole lakini bila kupumzika, na ilikuwa imeshavuka mahali pa kusimama. Tulifungua kifuniko kikiwa moto wa kuunguza vidole. Bomba la maji ya kupooza lilikuwa limejaa vikonokono. Wakati Bibi Harusi amesimama, vilipata nafasi ya kujenga kijiji chao. Beringi yenyewe ilikuwa nzima. Kama ingekwenda kidogo tu ingeyeyuka, na beringi ya aina ile hatukuwa nayo nchini.

Ukumbi mzima ukamgeukia Mzee Ramazani. "Sikio gani hilo!" Bukuru akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Mzee, ulisikia nini? Mimi nimesimama juu yake sijasikia kitu!"

Alikuwa amepewa mlango wa kutokea. Angeweza kusema nilisikia, na tungekula naye hadithi hiyo mpaka anastaafu. Nilimwona akiutazama mdomo wa Bukuru mpaka ukamaliza. Akavua miwani.

"Sikusikia kitu," akasema. "Niliona kalamu. Mimi sisikii, ndugu zangu. Si leo tu."

Alisema hivyo na meneja akiwa mlangoni. Namba Tatu akaendelea kunguruma, watu wakasimama bila kujua wafanye nini na mikono yao. Bukuru ndiye aliyetembea. Alikwenda akasimama mbele ya mzee, karibu kabisa, ili mdomo wake uonekane, akasema polepole kwa ile sauti yake ya kuvusha ziwa, "Basi tuwe tunakutazama, Mzee."

"Na wewe punguza makelele," Mzee Ramazani akamjibu. "Mdomo wako naupata bila hata sauti."

Vicheko vikalainisha mambo. Tulisafisha bomba, Bibi Harusi akawashwa tena, kalamu ya tatu ikapanda, ikafika, ikakaa. Kabla jua halijatua, watu wa Mwanga walipata maji, na mke wa Bukuru alituma ujumbe kwamba sasa ameamini mumewe ana kazi.

Nilingoja kusikia meneja atafanya nini. Kanuni zilimruhusu kumwondoa mzee. Alimwita ghorofani, na mzee akaniomba niende naye, nimsaidie kama meneja angeongea akiangalia dirishani. Ndugu Kisesa aliongea akimwangalia usoni. Alisema, "Mzee, sijui kama nimevunja kanuni au nimeifuata, lakini kuanzia kesho wewe ni mwalimu wa kuwasha, na benchi la Shushushu ni lako." Pia aliagiza vifuniko vya masikio kwa wafanyakazi wote. Vilifika baada ya miaka mingi, vikiwa vya watoto, lakini nia ilikuwa njema.

Mzee Ramazani alifundisha mpaka alipochoka mwenyewe. Kwenye miaka ya uhaba tulikosa karatasi za duara, tukawa tunakata migongo ya kalenda kwa kufuatisha sahani. Wino wa rafiki zetu ulipokwisha tulitumia wino wa shule, na ulipokosekana huo tulikaa bila rangi ya tatu. Alifariki kwake Ujiji, injini za dizeli zikiwa bado zinafanya kazi. Bukuru ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Halafu zikaja pampu za umeme na kompyuta, na mimi, mwenye wajukuu, nikapelekwa kujifunza lugha ya C na vijana walioniita Mama na kunisogezea kiti. Niliipenda C mara moja. Haikubembelezi, haikufichi kitu, na ukikosea haikuonyi. Mwenzangu kwenye kazi hiyo alikuwa Datus, mwandishi wa programu kutoka Kasulu, mtaratibu wa maneno, lakini mwenye kuandika msimbo kwa haraka kama anayetwanga. Aliandika wakala wetu wa kwanza, yaani programu ya kufanya kazi ya Shushushu. Tukauwasha, na skrini ikatuambia pampu ya Ujiji inachemka kupita maji ya chai.

"Mama, tuizime!" akasema Datus, ameshasimama.

"Tutaizimaje?" nikasema. "Iko karakana, imefunguliwa vipande. Nimeiruka asubuhi nikiingia."

Mnajua ilikuwa nini. Aliomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa ajili ya vipimo akaanza kuisoma kabla ya kuifuta, na C inakupa chumba kama kilivyoachwa na mpangaji wa mwanzo, pamoja na takataka zake. Tuliuandika upya mwanzo wa wakala. Futa kumbukumbu yote iwe sifuri. Pampu ipewe jina lake. Fungua faili la kumbukumbu za matukio. Unganisha vipimo kimoja kimoja, na kila kimoja ukiulize kama kimekubali, usidhani kimekubali. Soma mara moja kwa majaribio. Ndipo uruhusu programu ya kuendesha pampu iingie kwenye mzunguko wake. Na wakala ukishindwa kuanza, uandike umeshindwa, ukae pembeni, pampu iendelee. Datus alilalamika kwamba sehemu ya kuanzisha imekuwa ndefu kuliko kazi yenyewe. Nikamwambia na mimi ndivyo nilivyo asubuhi. Wa makao makuu walitaka na jina la mwendeshaji liingie kwenye kila kipimo. Nilijibu kwamba nafasi inatosha jina la pampu tu. Haikuwa kweli, nafasi ilikuwepo tele, lakini hakuna aliyeuliza.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Mwamgongo. Nilikwenda kwa boti na kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa plastiki, nimeikumbatia kama mtoto mchanga, mawimbi yakitupiga ubavuni. Kijiji kilikuwa kimepata pampu mpya ndogo, na mwendeshaji alikuwa mama mmoja, Mama Estelia, muuza dagaa aliyefundishwa mitambo na padri wa huko. Alinisalimia kwa amani ya kwao, "Amahoro," nami nikamjibu hivyohivyo, na mguu wangu mmoja ukiwa bado majini.

Alisimama nyuma yangu nikiunganisha waya. Nje akina mama walikuwa wamepanga ndoo na madumu, wanapiga soga. Niliendesha wakala. Ukafuta kumbukumbu, ukaita jina la pampu, ukauliza vipimo, vikakubali vyote. Skrini ikatulia, sifuri kila mahali.

"Imeanza?" akauliza Mama Estelia.

"Imeanza."

Akaitazama kwa muda, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza redio mbovu. "Mbona haisemi kitu?"

"Bado hatujaiwashia pampu, Mama."

"Ala!" Akanisukuma pembeni kwa kiuno, akafunga khanga vizuri, akaweka mkono kwenye swichi. "Basi sogea, fundi. Watu wanataka maji."